Mbinu za Hadithi na Kazi Zake katika "Adili na Nduguze"

Mwanafunzi wa fasihi aghalabu hufundishwa majina ya mbinu kabla ya kufundishwa kazi zake. Hujua kwamba tashbihi hulinganisha kwa neno "kama", kwamba istiara huliacha neno hilo, kwamba tashihisi hukipa kitu kisicho na uhai tabia za mtu, na kwamba takriri ni kurudia. Apewapo hadithi na kutakiwa kuichambua, hushika kalamu, akazitafuta mbinu hizo ukurasa baada ya ukurasa, akaziorodhesha kila moja na mfano wake, kisha akaweka nukta na kudhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe kazi haijaanza. Mtu aliyehesabu mbao, misumari na kamba za jahazi hajasema bado jahazi hilo linakwendaje, wala kwa nini fundi aliupinda ubao huu na kuunyosha ule.

Hasara ya desturi hii si ya chumba cha mtihani peke yake. Humfanya msomaji aamini kwamba mbinu ni pambo lililobandikwa juu ya hadithi, na kwamba hadithi ingalibaki ile ile hata kama ingalivuliwa pambo hilo. Tena humnyima mizani ya hukumu. Kwa maana katika orodha, hadithi mbovu yenye tashbihi ishirini huishinda hadithi njema yenye tashbihi mbili. Watungaji wa Kiswahili nao wamepata kupimwa kwa mizani hiyo, wakasifiwa kwa mambo yasiyo na uzito na kulaumiwa kwa mambo waliyoyakusudia. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ni mmoja wao. Nathari yake imesifiwa sana kwa lugha, na imelaumiwa sana kwa wahusika: husemwa kwamba ni watu wa upande mmoja, mwema akiwa mwema tu na mbaya akiwa mbaya tu, na majina yao yakiwa yamekwisha toa habari yote kabla hawajatenda neno.

Makala haya yanachunguza lawama hiyo kwa kukitazama kitabu kimoja, "Adili na Nduguze", kilichotolewa mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya "Kusadikika". Kitabu hiki kinafaa kwa sababu mbili. Kwanza ni kifupi, na msomaji huweza kukishika chote akilini kwa mara moja. Pili, kisa chake kina asili inayojulikana. Umbo lake limo katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili. Udongo mmoja ukipita katika mikono ya wafinyanzi wawili, mtazamaji huweza kuona mkono wa kila mmoja umefanya nini. Lililobadilishwa hudhihirisha nia ya aliyelibadilisha, na lililoachwa kama lilivyokuwa hudhihirisha alichokiona kuwa chema.

Lipasalo kutenganishwa mwanzo ni kisa na mpango wa kisa. Kisa ni mambo jinsi yalivyotukia, la kwanza mbele na la mwisho nyuma. Mpango ni utaratibu ambao kwa huo mtungaji humpa msomaji mambo hayo. Kisa cha Adili kwa ufupi ni hiki. Ndugu watatu wanaishi. Mmoja ni mwema na wawili wanamhusudu. Wanasafiri pamoja baharini. Ndugu wawili wanamtosa mwenzao baharini kwa kijicho. Jini aitwaye Huria, ambaye Adili aliwahi kumtendea wema, anamwokoa, na kwa hasira anawageuza wale wawili kuwa manyani, kisha anamwamuru Adili awapige kila usiku. Adili anakuwa mtawala wa Janibu chini ya mfalme Rai wa Ughaibuni. Mjumbe wa mfalme anaona kwa siri mapigo yale, anapeleka habari, na Adili anaitwa kujieleza.

Kama mtungaji angalifuata utaratibu huo, msomaji angalijua sababu ya mapigo kabla ya kuyaona mapigo yenyewe. Hadithi haikupangwa hivyo. Huanza Adili akiwa amekwisha kuwa mtawala, na usiku mmoja mjumbe anamwona mtawala huyo, mtu mwenye sifa njema katika mji wake, akichukua mjeledi na kuwapiga wanyama waliofungwa. Akiisha kuwapiga hulia, huwabembeleza, huwapa chakula. Usiku wa pili huwa vivyo hivyo. Msomaji anayaona haya kwa macho ya mjumbe, naye hajui zaidi ya ajuavyo mjumbe. Ndipo linapozaliwa swali ambalo haliwezi kumwacha mpaka lijibiwe: ni mtu gani huyu anayepiga akilia?

Hiyo ndiyo taharuki, yaani hali ya moyo kuning'inia kati ya jambo lililoonekana na sababu isiyojulikana. Lakini inafaa kutazama taharuki hii imejengwa kwa nini. Haikujengwa kwa giza wala kwa hatari. Imejengwa kwa jina. Mtu anayeshika mjeledi anaitwa Adili, na neno hilo kwa Kiswahili ni uadilifu, ni mwenendo mnyofu na haki. Jina linasema hivi na mkono unatenda vile. Katika hadithi ya Kiarabu mpigaji anaitwa Abdallah, jina la heshima ambalo hata hivyo limebebwa na watu wengi mno, wema na waovu, na kwa hiyo haligongani na tendo lolote. Shaaban Robert alipolibadilisha jina aliongeza mgongano ambao haukuwako. Msomaji wa Kiswahili hasemi tu "kwa nini liwali anapiga wanyama?" Husema, "Inakuwaje uadilifu ushike mjeledi?" Swali la kwanza ni la udadisi, la pili ni la maadili, na ndilo swali la kitabu kizima. Wanaosema kwamba majina ya Shaaban Robert huiua taharuki hawakuutazama ukurasa huu vizuri. Hapa jina ndilo lililoizaa.

Kazi ya jina hubadilika ndugu wanapotajwa. Katika Alfu Lela Ulela wanaitwa Nasir na Mansur, mwenye kunusuru na aliyenusuriwa. Majina mazuri yaliyovishwa watu wabaya. Shaaban Robert amewaita Hasidi na Mwivu. Majina haya mawili yana maana moja. La kwanza limetoka katika Kiarabu na la pili limo katika shina la Kibantu la lugha, na kwa hayo mawili husuda imetajwa mara mbili, kwa midomo miwili ya Kiswahili. Baada ya kuyasikia, msomaji hawezi kudhani kwamba kosa huenda likawa la Adili. Taharuki ya "nani" inakufa palepale, na mahali pake inakuja taharuki ya "vipi": husuda huanzaje katika nyumba moja, hukuaje, na humfikishaje mtu mahali pa kumwua aliyenyonya naye? Mtungaji amepoteza kitu kwa makusudi ili apate kingine. Mhakiki ana haki ya kuuliza kama biashara hiyo ilikuwa na faida, lakini hana haki ya kusema kwamba mwenye mali hakujua alichouza.

Thamani ya chaguo hilo huonekana zaidi likiwekwa kando ya chaguo jingine. Mwaka 1960 kilichapishwa kitabu cha Muhammed Said Abdulla, "Mzimu wa Watu wa Kale", kilichokuwa kimeshinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958. Humo taharuki yote ni ya "nani". Mtu ameuawa, na jina la kitabu lenyewe linamvuta msomaji kuelekea kwenye mzimu, hali mpelelezi Bwana Msa, kwa kiko chake na akili yake, anamvuta kuelekea kwa binadamu. Katika hadithi ya namna hiyo jina lenye kufichua tabia lingalikuwa maangamizi; muuaji aitwaye Muuaji angalikimaliza kitabu katika ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo mbinu haiwi njema wala mbaya kwa asili yake. Jina la wazi lingaliiharibu kazi ya Abdulla, na jina la kuficha lingaliipooza kazi ya Shaaban Robert.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba jina lenye maana laweza kutumika kinyume cha maana yake. Katika "Rosa Mistika", riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, jina la msichana limetoka katika litania ya Bikira Maria. Ni waridi la fumbo, alama ya usafi. Mwenye jina hilo amelelewa Ukerewe na baba mkali anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na akiisha kutoka chini ya mkono huo maisha yake yanakwenda upande hadi anajiua. Hapa jina halihukumu mwenye jina. Linawahukumu waliompa jina la mbinguni na kumnyima maarifa ya duniani. Hiyo ni kejeli, nayo hufanya kazi kwa sababu msomaji amezoea majina yanayosema kweli. Kabla jina la Rosa halijaweza kusema uongo, ilibidi yawepo majina kama Adili yaliyosema kweli.

Baada ya jina, lifuatalo ni swali la msimulizi. Kitabu kinaanza kwa sauti ya msimulizi asiyekuwamo katika hadithi, lakini sehemu yake kubwa ni masimulizi ya Adili mwenyewe mbele ya Rai. Hayo ni masimulizi ya kurudi nyuma: yaliyotangulia katika kisa yanakuja baadaye katika mpango. Wanafunzi wengi huishia kulitaja jina la mbinu hiyo. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini kurudi nyuma huku kumewekwa barazani, mbele ya mwenye mamlaka, badala ya kuwekwa katika mawazo ya Adili usiku akiwa peke yake.

Jibu limo katika umbo la ushahidi. Adili hakumbuki tu, anajitetea. Kila neno lake lina uzito kwa sababu mbele yake ameketi mtu awezaye kumwachia au kumwadhibu. Umbo hilo hilo limo katika "Kusadikika", ambamo Karama, akishitakiwa na waziri Majivuno, anajitetea kwa siku 6 kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa nchi mbalimbali na kurejea kupewa adhabu badala ya shukrani. Vitabu viwili vilivyofuatana vimejengwa kwa mbao zile zile: mshitakiwa, mfalme, na hadithi iliyo hoja. Kwa Shaaban Robert, hadithi si kitu cha kupitishia muda. Ni kitu kinachowekwa mbele ya mwenye nguvu ili akili yake ibadilike. Katika miaka hiyo ya ukoloni, mtungaji aliyekuwa mtumishi wa serikali alijua vema maana ya kusema na mwenye nguvu kwa njia ya hadithi.

Hapa ndipo panapostahili lawama iliyo ya haki. Ushahidi wa Adili ni wa upande mmoja. Hasidi na Mwivu wako pale pale, lakini ni manyani na hawana ulimi. Msomaji haambiwi husuda ilivyokuwa ndani ya vifua vyao: ni neno gani la mzazi lililowauma, ni sifa gani ya ndugu yao iliyowanyima usingizi. Anaambiwa tu na aliyehusudiwa. Mtungaji amelitegemea jina kuwa dhamana ya ukweli wa shahidi. Adili hawezi kusema uongo kwa kuwa ni Adili. Dhamana hiyo inatosha kwa hekaya, ambamo msikilizaji na msimulizi wamekwisha kubaliana nani ni nani. Haitoshi kwa msomaji anayetaka kuijua husuda kama ugonjwa wa binadamu na siyo kama jina la watu wawili. Kitabu kinamwonyesha matunda ya husuda kwa uwazi mkubwa, na mizizi yake kwa uchache.

Mandhari nayo ina kazi. Ughaibuni na Janibu si miji ya ramani. Jina la kwanza humweka msomaji mbali, mahali pasipoonekana. La pili, kwa asili yake ya Kiarabu, ni upande tu, mahali palipo kando. Basra ya Alfu Lela Ulela ni mji wa kweli wenye bandari, na msikilizaji wake aliweza kumkuta mtu aliyetoka huko. Shaaban Robert ameufuta mji wa kweli na kuweka mahali ambapo hapana mtu wa kusema "kwetu si hivyo". Msomaji wa Tanga, wa Mombasa au wa Ujiji hawezi kuiepa hadithi kwa kusema kwamba ni habari ya Waarabu wa Iraki. Mahali pasipo mahali huwa mahali popote. Hasara yake ni kwamba hakuna harufu ya soko, hakuna barabara, hakuna mvua inayomlowesha mtu. Na msomaji aliyezoea riwaya za baadaye huona ukavu. Ukavu huo ndio bei iliyolipwa kwa upana.

Badiliko jingine limewahusu wanyama. Katika hadithi ya Kiarabu ndugu waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert amewafanya manyani. Mwenye kuorodhesha mbinu ataandika "istiara" na kupita. Lakini mbwa na nyani hawafanyi kazi moja. Mbwa, kwa Mwislamu wa pwani kama kwa Mwislamu wa Basra, ni mnyama wa unajisi. Kugeuzwa mbwa ni kushushwa cheo na kutengwa na watu. Nyani ana uso unaofanana na uso wa mtu, ana vidole, huketi kama mtu aketivyo. Kugeuzwa nyani ni kubaki na sura ya utu huku utu wenyewe umeondoka. Zaidi ya hayo, masikio ya Mswahili yana methali isemayo kwamba nyani haoni kundule. Mwenye husuda ni yule aionaye baraka ya mwenziwe asubuhi na jioni, asiione aibu iliyo nyuma yake mwenyewe. Haidhuru kama mtungaji aliikumbuka methali hiyo alipokuwa akiandika, lugha ilimkumbukia. Mbinu iliyo hai huvuta pamoja nayo mambo ambayo watu wamekwisha kuyaweka katika usemi wao, na kwa sababu hiyo istiara ikihamishwa kutoka lugha moja kwenda nyingine haina budi kubadilishwa mnyama.

Limebaki badiliko lililo kubwa kuliko yote, nalo ni mwisho. Katika Alfu Lela Ulela ndugu wawili wanarudishiwa umbo la watu kwa maombezi ya khalifa, kisha husuda inawarudia, wanamtenda ndugu yao uovu mwingine, na mwisho wao ni kuuawa. Hadithi hiyo inafundisha kwamba tabia ni ya kudumu: mbwa waligeuka watu kwa umbo tu. Shaaban Robert ameukataa mwisho huo. Katika kitabu chake manyani wanarudishiwa utu, wanatubia, na ndugu watatu wanapatana. Kwa kubadilisha mwisho amebadilisha maana ya kila kilichotangulia. Mapigo ya usiku, ambayo katika hadithi ya kwanza ni adhabu tu, katika hii yanakuwa kama dawa chungu. Machozi ya Adili, ambayo katika hadithi ya kwanza ni huruma iliyopotea bure, katika hii yanakuwa matumaini yaliyotimia.

Ndipo inapofaa kuirudia lawama ya wahusika wa upande mmoja. Kama majina katika kitabu hiki yangalikuwa hukumu ya mwisho, Hasidi angalibaki hasidi na Mwivu angalibaki mwivu, na mwisho uliofaa ungalikuwa ule wa kitanzi. Jina linasema kwamba mtu ni tabia yake. Mwisho unasema kwamba mtu aweza kuiacha tabia yake na kubaki mtu. Hasidi aliyetubia bado anaitwa Hasidi, lakini neno hilo halimwenei tena, kama kanzu ya mtu aliyekonda. Kati ya mbinu ya jina na mbinu ya mwisho pana mvutano, na mvutano huo ndio moyo wa kitabu. Mhakiki aliyeyatazama majina peke yake ameona nusu, na mhakiki aliyeusifu mwisho peke yake kwa kuwa ni wa amani ameona nusu nyingine.

Inaweza kujibiwa kwamba toba ya ndugu hao haikuandaliwa vya kutosha, kwa kuwa mioyo yao haikufunguliwa mbele ya msomaji. Jibu hilo ni la kweli, nalo linarudi kwenye upungufu uliokwisha tajwa: waliofungwa ndimi kwa muda mrefu hugeuka kwa ghafula. Lakini upungufu huo sasa umeonekana mahali pake hasa. Haumo katika kuwapa watu majina yenye maana. Umo katika kuwapa majina hayo na kutowapa nafasi ya kushindana nayo kwa maneno yao wenyewe. Tofauti baina ya lawama hizi mbili ni kubwa. Ya kwanza inakataa desturi nzima ya hekaya ya Kiswahili, ya pili inaonyesha pengo moja katika kitabu kimoja. Kezilahabi, miaka kumi na tisa baadaye, hakuhitaji kuitupa desturi ya jina ili aandike juu ya moyo wa mtu. Aliichukua akaigeuza.

Basi mwanafunzi anayetaka kuzifahamu mbinu za hadithi na ajaribu njia hii. Akiisha kuitambua mbinu, asiandike jina lake kwanza. Aiondoe, au aibadilishe, kisha aitazame hadithi. Amwite Adili kwa jina la Abdallah, aone swali lipi limepotea. Awageuze manyani kuwa mbwa, asikilize methali ipi imenyamaza. Asimulie kisa tangu utotoni, aone mjeledi umepungukiwa na nini. Alete mwisho wa kitanzi, aone machozi ya usiku yamekuwa ya nini. Pale ambapo kuondoa hakubadilishi kitu, mbinu ilikuwa pambo, naye ana haki ya kusema hivyo hata kama mtungaji ana jina kubwa. Pale ambapo kuondoa kunaivunja hadithi, amekwisha kuiona kazi ya mbinu ile, na jina lake litakuja kwa wepesi baadaye.